Kabla Hujamwaga Kokoto kwa Neno la Afisa wa Manispaa

Dada mmoja mkandarasi ameniandikia wiki jana kutoka manispaa mojawapo ya eneo la Magharibi mwa Kenya. Meneja wa manispaa yao alimwita, akamwonyesha lango la soko na vichochoro viwili vyenye giza, akamwagiza afunge taa za sola upesi kabla ya ziara ya kiongozi mmoja, akimhakikishia kwamba makaratasi yangefuata. Taa zinawaka hadi leo. Makaratasi hayajafuata, meneja amehamishwa, na aliyeshika nafasi yake anasema hana habari na kazi hiyo. Dada huyo anauliza: je, mtu ambaye hakupigiwa kura na yeyote anaweza kuifunga manispaa kwa mkataba?

Namjibu hapa kwa sababu najua wengi wenu mnaosoma makala haya mnazisaka kandarasi hizi kama ninavyozisaka mimi. Anaweza, dada yangu. Tena ni maafisa wa aina hiyo, wasiochaguliwa, ambao sheria imewapa kalamu. Ila hawawezi kwa mdomo. Bodi ya manispaa chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 haichaguliwi na wapigakura, na bado sheria hiyo imeipa uwezo wa kushtaki, kushtakiwa na kuingia mikataba kwa jina lake. Kwa upande mwingine, gavana aliyepata kura laki mbili akikuahidi kazi jukwaani, na diwani wa wadi yako akaitikia kwa makofi, hujapata mkataba wowote.

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, kifungu cha 135, inasema wazi kwamba hakuna mkataba kati ya mshindi wa zabuni na afisa masuuli hadi mkataba wa maandishi utiwe sahihi na pande zote mbili. Afisa masuuli huyo ni yule aliyeteuliwa kwa maandishi na waziri wa fedha wa kaunti kuwajibikia fedha za idara au taasisi fulani. Hawi afisa masuuli kwa kuwa na ofisi yenye zulia, wala kwa kuwa ndiye anayekujua kwa jina.

Mimi nililijua hili mapema, na sitajifanya mnyenyekevu kulisema. Tulikuwa tunajenga mtaro wa maji ya mvua katika mji ambao sitautaja, wakandarasi wawili, kila mmoja upande wake wa barabara. Mhandisi wa manispaa alikuja akiwa na haraka, akataka mtaro upite kituo cha mafuta hadi kwenye kijito, umbali ambao haukuwa kwenye michoro wala kwenye bei. Nilipoomba maandishi, alitoa bahasha ya kaki mfukoni, akaiegemeza kwenye boneti ya gari, akaandika "ongeza mita 60, sawa", akatia sahihi. Nilimrudishia. Nilimweleza kwamba kifungu cha 139 kinaruhusu kiasi cha kazi za ujenzi kibadilishwe kwa kisichozidi asilimia 20, na nyongeza zote kwa jumla zisipandishe bei ya mkataba kwa zaidi ya asilimia 25, na kwamba idhini hutoka kwa afisa masuuli. Akaniita "wakili wa mitaro" mbele ya vibarua wangu, na jina hilo likasambaa mjini.

Niliwalipa vibarua wakiwa wamekaa kivulini hadi barua ya afisa mkuu wa kaunti, ambaye ndiye aliyekuwa afisa masuuli, ilipofika, nikachimba, nikalipwa. Mwenzangu wa upande wa pili alichimba kwa bahasha, na mita zile hajalipwa hadi sasa. Kinachoniuma ni kwamba yeye bado hualikwa kutoa bei, nami simu yangu haikulia tena kutoka ofisi ile. Basi isilie! Ndugu zangu, ombeni maandishi. Mkiambiwa mnajifanya wajuaji, ombeni maandishi. Mkiambiwa kuna mwingine aliye tayari kuanza kesho asubuhi, mwacheni aanze.

Msidhani mahakama itawaonea huruma kwa kuwa kazi inaonekana kwa macho. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ilikataa dai la Royal Media Services dhidi ya tume ya uchaguzi, IEBC, la malipo ya matangazo yaliyokwisha kupeperushwa, kwa sababu hapakuwa na mkataba wa maandishi kama sheria ya ununuzi ilivyotaka. Ikiwa kampuni kubwa yenye mawakili wake iliondoka mikono mitupu, mimi na wewe ni nani? Hata ukishinda, huwezi kumtuma dalali akamate magari ya kaunti. Utarudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha afisa husika alipe. Na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alipochunguza madeni ya kaunti ya hadi Juni 2018, kati ya takriban Sh89 bilioni zilizodaiwa alikubali kama Sh51 bilioni tu kuwa zinastahili kulipwa.

Kwa hiyo, dada, usipande ngazi usiku kuzing'oa taa, maana utageuka mshtakiwa. Mwandikie afisa mkuu anayesimamia fedha za manispaa hiyo, nakala kwa wakili wa kaunti, ueleze nani alikuagiza, lini, na taa ngapi ziko wapi, uambatishe picha na risiti za ununuzi. Uliza kwa maandishi kama meneja yule aliwahi kuteuliwa kuwa afisa masuuli, na kama taa hizo zilikuwamo katika bajeti iliyoidhinishwa. Majibu hayo mawili ndiyo wakili wako atakayoyataka kwanza, na ni afadhali uyapate wakati meneja aliyekuagiza bado anapokea simu zako.