Usikariri grafu ya neva, fuata sodiamu

Wiki iliyopita binti mmoja wa kidato cha tano, yuko Sengerema, aliniandikia: "Shikamoo kaka. Mada ya neva nimeisoma mpaka nimechoka, grafu iko kichwani, lakini swali likigeuzwa kidogo tu napotea." Nilimjibu, ila najua mko wengi, kwa hiyo naandika kwa kirefu.

Mada hii niliishika kwa hasira. Nikiwa sekondari hapa Mwanza, wikiendi nilikuwa namsaidia mama kuparua samaki Mwaloni, Kirumba, na mwalimu wetu alilijua hilo. Siku moja nikanyoosha mkono kuuliza kwa nini maumivu ya mwiba huja mara mbili. Akajibu, "Hayo kawaulize sangara wenu." Darasa zima likacheka. Miaka imepita na bado linaniuma.

Maana swali lilikuwa halali kabisa. Mwiba wa mgongoni wa sato ukikuchoma, kwanza unasikia mchomo mkali, mkono unauvuta. Kisha, kidole kimeshatulia, linafuata lile la kuungua taratibu, na halina haraka ya kuondoka. Ni nyuzi mbili tofauti za neva. Ule wa kwanza umevikwa ala nyembamba ya mafuta, maielini, na husafirisha taarifa kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Wa pili hauna ala hiyo. Mwendo wake ni mita 2 kwa sekunde au chini ya hapo. Jibu lilikuwemo kwenye somo lilelile alilokuwa anafundisha!

Seli yenyewe mnaijua: dendraiti hupokea taarifa, aksoni, ule uzi mrefu, huipeleka. Kazi iko kwenye utando wa aksoni. Ikiwa imetulia, ndani ni hasi kuliko nje, takriban milivolti -70. Pampu ya utando hutoa nje ayoni (chembe zenye chaji) 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, na potasiamu huvuja kutoka. Kichocheo kikiifikisha -55 hivi, milango ya sodiamu inafunguka, sodiamu inamiminika ndani, volteji inapanda hadi karibu +40. Milango hiyo inajifunga, ya potasiamu inafunguka, potasiamu inatoka, volteji inashuka. Yote hayo ni milisekunde moja au mbili, na huko kupanda na kushuka ndiyo grafu yenyewe.

Hapo kwenye kushuka ndipo wengi wanapopoteza maksi. Wanaandika kwamba pampu ndiyo inayoshusha volteji. Hapana! Inayoshusha ni potasiamu inayotoka kupitia milango yake. Pampu inafanya kazi yake polepole, muda wote, kulinda tofauti ya ayoni ndani na nje.

Penye maielini, msukumo, yaani huko kupanda na kushuka kwa volteji, huruka kutoka kifundo kimoja cha Ranvier (pengo dogo lisilo na maielini) hadi kingine, kama watoto wanavyoruka mawe kule Capri Point. Ndiyo maana nyuzi nene zenye maielini hufika mita 120 kwa sekunde.

Wanasayansi Hodgkin na Huxley waliijua kazi hiyo ya sodiamu na potasiamu kwa kupima aksoni ya ngisi, nene kiasi cha kuingizwa waya ndani. Walichapisha mwaka 1952, wakapata Nobel mwaka 1963. Walifuatilia aina moja ya ayoni baada ya nyingine. Na nyinyi fanyeni hivyohivyo, wadogo zangu. Fungeni kitabu, chukueni karatasi tupu, chora utando, jiulize: nani anaingia, nani anatoka, mlango gani uko wazi? Rudia kesho. Rudia tena. Anayekucheka kwa sababu ya kwenu asikufungie daftari. Mimi nilichora mpaka nikaipata A ya Baiolojia, na leo wanafunzi wa tuisheni yangu wanaipata pia.

Sasa fanyeni hili. Daktari wa meno anachoma sindano ya ganzi, na dawa inaziba milango ya sodiamu kwenye neva za fizi. Mgonjwa yuko macho, jino linang'olewa, hasikii maumivu. Chora grafu ya neva ile, uonyeshe inaishia wapi na kwa nini. Nitumieni picha za michoro yenu, nitazisahihisha zote.