Mama mkwe ana mkanda wa jeshi, nami ni mjamzito

SWALI: Dokta, shikamoo. Ninaishi Igogo, jijini Mwanza, na nina ujauzito wa wiki 16. Mama mkwe wangu amekuja kwa meli kutoka Ukerewe kutibiwa mkanda wa jeshi uliomtoka upande mmoja wa kiuno, na tunakaa naye katika vyumba vyetu viwili vya kupanga. Majirani wananishauri nihame mpaka apone, eti mimba itaharibika, na mume wangu anaona kwamba ninamkimbia mama yake. Halafu mtoto wa mpangaji mwenzetu, ambaye hushinda kwangu, ameamka juzi na vipele, na muuguzi amesema ni tetekuwanga. Sikumbuki kama niliwahi kuugua ugonjwa huo. Nifanye nini?
Mama kijacho, Igogo

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umeeleza habari za mama mkwe kwa kirefu na za mtoto wa mpangaji kwa kifupi, lakini anayenitia wasiwasi zaidi ni huyo mtoto.

Tetekuwanga na mkanda wa jeshi husababishwa na kirusi kimoja. Mtu akiugua tetekuwanga akapona, kirusi hakimtoki mwilini, bali hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, na miaka mingi baadaye, kinga inapopungua, huamka na kufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana malengelenge ya mama mkwe yamekaa upande mmoja tu. Hawezi kukuambukiza mkanda wa jeshi. Anachoweza kumpa mtu ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga ni tetekuwanga yenyewe, hasa mtu huyo akigusa majimaji ya malengelenge, na uwezekano huo ni mdogo ikiwa mkanda uko kiunoni na umefunikwa. Basi aufunike kwa bandeji au kitambaa safi, anawe mikono, na taulo, kanga na shuka zake zisichangiwe. Kumsafisha na kumfulia afanye mtu aliyekwisha kuugua tetekuwanga. Malengelenge yakishakauka yote na kufanya vigaga, hofu hiyo imekwisha. Hali ingekuwa tofauti kama yangetapakaa mwili mzima, na kama yangetokea karibu na jicho angehitaji kuonwa hospitalini siku hiyo hiyo. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni sababu ya kuhama wala ya kumtengea mama wa watu sahani.

Niongeze jambo ambalo hukuliuliza, kwa kuwa najua minong'ono inayomfuata mwenye mkanda wa jeshi mitaani kwetu. Ni kweli kwamba watu wenye VVU huupata zaidi, na kupima ni jambo la busara, lakini umri wa zaidi ya miaka 50 peke yake unatosha kuuleta.

Sasa nije kwa mtoto. Tetekuwanga husambaa kwa hewa, na mgonjwa huanza kuambukiza siku 1 hadi 2 kabla ya vipele kuonekana. Kukaa naye chumba kimoja kwa dakika 15 au zaidi kunahesabiwa kuwa umekaribiana naye, kwa hiyo kumzuia leo asiingie kwako hakufuti zile saa alizoshinda kwako kabla hajatoka vipele. Hata hivyo, na abaki kwao mpaka vipele vyote viwe vigaga.

Leo hii mpigie simu mama yako mzazi, au shangazi au yeyote aliyekulea, umuulize kama uliwahi kuugua. Akijibu kwa uhakika kwamba uliugua, karibu hakika una kinga, na hakuna dawa unayohitaji. Naye akiwa hakumbuki, usijifariji kwamba kila mtu huupata utotoni, kwani katika nchi za joto watu wengi kuliko wa nchi za baridi hufikia utu uzima bila kuugua, na chanjo yake haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto hapa Tanzania. Ile ya surua na rubela haikingi tetekuwanga. Kuchanjwa chanjo ya tetekuwanga sasa pia haiwezekani, kwa kuwa ina kirusi hai kilichodhoofishwa na haitolewi kwa mjamzito.

Nenda kliniki na kadi yako kesho, ukiwa bado hujatoka kipele hata kimoja, uwaeleze tarehe uliyokaa na mtoto. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kama una kinga, kwa hiyo uliza kama kinapatikana hapo au kama watakuandikia rufaa ya hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Asiye na kinga anaweza kupewa sindano ya kingamwili ndani ya siku 10, au vidonge vya asaikloviri, dawa ya kupambana na kirusi hicho, ambavyo Uingereza kwa mfano huanzishwa siku ya 7 baada ya kukaribiana na mgonjwa. Uamuzi huo ni wa daktari, kwa hiyo usiende kununua asaikloviri mwenyewe duka la dawa.

Ugonjwa hujitokeza kati ya siku ya 10 na ya 21 baada ya kukaribiana na mgonjwa. Ukiona kipele cha kwanza, tafuta daktari ndani ya saa 24, kwani dawa hufanya kazi vizuri ikianza mapema. Lakini piga simu kwanza, au mtume mume wako atangulie kutoa taarifa, usije ukaketi kwenye benchi moja na wajawazito wenzako. Homa itulize kwa parasetamoli, si kwa aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki. Na uoge kama kawaida, hata kama mtaani watakukataza.

Kuhusu mimba, mama akiugua kabla ya wiki ya 20, watoto wasiozidi takribani 2 katika 100 ndio hupata madhara ya makovu, viungo, macho au ubongo. Hiyo ni kwa mama aliyeugua kweli, si aliyekaribiana na mgonjwa tu. Mimi humhofia zaidi mama mwenyewe, kwa kuwa tetekuwanga ya mjamzito inaweza kuleta nimonia kali. Ukiwa na vipele kisha ukakohoa, ukabanwa na kifua au ukaishiwa pumzi, usingoje kukuche.

SWALI: Navua dagaa visiwani, na mke wangu yuko Kayenze, amebakiza wiki moja hivi ajifungue. Nimetoka tetekuwanga kambini, na mbalamwezi ikianza huwa tunarudi nyumbani wote. Nirudi?
Mvuvi

JIBU: Muulize kwanza kwa simu kama yeye aliwahi kuugua. Kama aliugua, rudi. Kama hakuugua au hana uhakika, baki mpaka vipele vyote viwe vigaga, hata kama wenzako wamepanda mtumbwi. Mama akitokwa na vipele kuanzia siku 5 kabla ya kujifungua hadi siku 2 baadaye, mtoto huzaliwa akiwa amepokea kirusi bila kupokea kinga ya mama yake, na tetekuwanga ya kichanga wa namna hiyo inaweza kuua. Kama mlikuwa pamoja siku 2 kabla hujatoka vipele, awaeleze wakunga mapema, ili mtoto akizaliwa wajue kama anahitaji sindano ya kingamwili au dawa. Kunyonyesha aendelee, ila asimlaze mtoto juu ya malengelenge yaliyo kwenye titi. Maziwa ya upande huo ayakamue mpaka malengelenge yakauke.