Kabla hujasema galaksi ya kale haina maada ya giza

Wewe unayeanza kusoma mzunguko wa galaksi za kale, najua utakimbilia grafu ya kasi, ile inayoonyesha nyota na gesi zinazunguka kwa kasi gani kadiri unavyotoka kitovuni. Ukiona mkia wake unashuka, kalamu itakuwasha uandike: maada ya giza, ile isiyoonekana ila mvutano wake huongeza kasi pembezoni, ni kidogo! Ngoja kwanza.

Kwa majirani zetu kama Andromeda, waliyoipima wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford mwaka 1970, kasi haiporomoki ukielekea pembezoni. Mwaka 2017 kundi la mwanaastronomia Reinhard Genzel lilionyesha galaksi sita za takriban miaka bilioni 10 iliyopita, zilizopimwa kwa darubini ya VLT nchini Chile, ambazo kasi yake inashuka. Walichosema ni kwamba ndani ya diski za galaksi hizo, yaani sahani zao zinazozunguka, nyota na gesi ndizo zinazotawala. Hawakusema maada ya giza haipo, ingawa wengi huisimulia hivyo.

Anza na gesi. Enzi hizo ilikuwa na misukosuko mingi, na shinikizo lake husaidia kuizuia isivutwe ndani, kwa hiyo huzunguka polepole kuliko uzito unavyodai. Chukua kasi ya kilomita 150 kwa sekunde na msukosuko wa 50: kwa fomula ya kawaida ya diski, mbali kidogo na kitovu, kasi halisi inayodaiwa na mvutano inakaribia 200. Na kwa kuwa uzito hufuata mraba wa kasi, umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Genzel na wenzake walilihesabu hilo. Je, wewe?

Kisha mwinamo, yaani diski imelala kwa pembe gani ukilinganisha na ile inayotutazama uso kwa uso (digrii 0). Sisi hupima tu sehemu ya kasi inayotujia au kutukimbia, na iliyobaki huikokotoa kwa pembe hiyo. Diski iliyoinama digrii 30, ukiiandika 25, uzito unapanda kama asilimia 40. Kwa digrii 60, kosa hilohilo ni asilimia 12 hivi. Mimi diski zinazotutazama uso kwa uso huziweka kando mapema.

Ukungu wa hewa, yaani jinsi angahewa inavyofifisha picha, nao usiudharau: kwa umbali huo, nusu sekunde ya pembe (sehemu moja ya 7,200 ya digrii) hufunika miaka ya nuru kama 14,000, na mteremko mkali wa kasi katikati husomeka kama msukosuko wa gesi.

Kwa hiyo, kabla ya data halisi, tengeneza galaksi ya bandia kwenye kompyuta, yenye maada ya giza unayoijua kiasi chake. Itie ukungu, ongeza kelele, kisha ipime kwa programu yako. Ikikupa jibu tofauti na ulilopanda, usiguse data ya darubini bado.