Soketi imehamishwa, boksi limebaki ukutani: tujaze plasta?

SWALI: Fundi, tumehamisha soketi na swichi za chumba kimoja na ukutani yamebaki maboksi manne, mawili ya chuma na mawili ya plastiki. Moja ni tupu. Matatu yana nyaya, ncha zake zimezungushiwa tepu. Fundi rangi anataka kuyajaza plasta leo, kesho apake rangi. Anasema kaweka testa na haikuwaka, kwa hiyo hakuna moto, yaani umeme. Tumwache aendelee?

JIBU: Lile tupu ajaze, kwa namna nitakayoeleza chini. Hayo matatu asiyaguse mpaka ijulikane kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi, na kazi hiyo si ya fundi rangi.

Testa ya bisibisi kutowaka si ushahidi. Taa yake huwashwa na umeme kidogo sana unaopita mwilini mwa aliyeishika, hivyo akiwa juu ya ngazi kavu ya mbao, au amevaa viatu vya mpira, inaweza isionekane kabisa. Tena kama boksi lilikuwa la swichi ya njia mbili, ile ya taa inayowashwa kutoka sehemu mbili, waya unaweza kuwa baridi sasa hivi na ukapata moto mara tu mtu atakapobonyeza swichi ya upande wa pili.

Mwite fundi umeme mwenye kipimo cha ncha mbili. Akijaribu kwanza kwenye soketi inayofanya kazi, ndipo apime nyaya zenu, kisha arudi kwenye soketi ileile kuhakikisha kipimo hakijafa katikati ya kazi. Kila waya apime dhidi ya ethi (waya wa ardhini), asiridhike na kupima waya kwa waya: nyaya mbili zilizo kwenye moto mmoja zitasoma sifuri baina yao, na zote mbili zinaua.

Baada ya hapo utajikuta katika hali mojawapo kati ya tatu. Ya kwanza, nyaya zimefunguliwa upande wa pili na hazina kazi. Zikivutika kwenye paipu zitolewe. Zikikwama zibaki, ila lazima fundi umeme awe ameona kwa macho kwamba upande wa pili zimefunguliwa kweli. Ya pili, ni mwisho wa njia lakini moto bado unafika. Hapo zikatwe kule zinakoanzia, kwenye boksi la nyuma yake au kwenye breka. Tepu haitoshi: gundi yake hulegea kwa miaka, na plasta mbichi ni maji matupu.

Ya tatu ndiyo inayowaponza wengi. Boksi halina soketi, lakini nyaya zimeunganishwa humo ili umeme uendelee kwenda kwenye soketi nyingine. Kiungo cha namna hiyo hakizikwi. Kikilegea kitapata joto, na atakayekuja kutafuta hitilafu hatakuwa na pa kukifikia. Tena, fundi akitaka kutoboa ukuta huangalia soketi na swichi ziko wapi, akakadiria kuwa nyaya zinapanda, zinashuka au zinakwenda pembeni kutoka hapo. Ukificha boksi, umemwondolea alama hiyo. Ama nyaya zivutwe upya bila kiungo, ama boksi libaki na kifuniko bapa kisicho na tundu, kifungwe kwa skrubu. Kifuniko kipakwe rangi ya ukuta kikiwa kimefunguliwa, kisije kikagandishwa na rangi. Najua hakipendezi, lakini ukipita mara chache macho hukizoea.

Sasa plasta. Ningependa maboksi matupu yang'olewe, yasijazwe yakiwa mle ndani. Plastiki ni laini na plasta haiishiki vizuri. Baada ya muda utaona ufa wa mraba ukichungulia kwenye rangi. Chuma nacho hushika kutu plasta ya jasi ikiwa mbichi, na doa la kahawia hupenya rangi ya maji hata ukirudia. Fungua skrubu za nyuma, tumia tindo nyembamba pembeni, boksi litatoka. La chuma likigoma kabisa, lisafishwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kwanza. La plastiki likwaruzwe ndani kwa msasa mkali.

Shimo lisijazwe kwa mkupuo mmoja. Kina chake mara nyingi ni milimita 35 hadi 47, na saruji yenye unene huo husinyaa na kuachia kingo. Lowesha ukuta, tia saruji na mchanga moja kwa nne, gandamiza vipande vya tofali humo, kisha ongeza tabaka zisizozidi kama milimita 15, kila moja ikiwa imekaza na kukwaruzwa kabla ya inayofuata. Acha milimita 2 au 3 za kumalizia. Jasi hukaza haraka zaidi na inafaa ukuta mkavu wa ndani. Penye unyevu hulainika, tumia saruji. Visichanganywe kwenye ndoo moja. Juu ya mwungano wa kiraka na ukuta bandika mkanda wa wavu, kisha skimu, yaani tabaka jembamba la kumalizia, itandazwe sentimita 10 au zaidi nje ya shimo, ili kiraka kisionekane mwanga ukija kwa ubavu.

Kuhusu kesho: haiwezekani. Kukaza si kukauka. Kiraka cha jasi cha unene huu kinahitaji siku kadhaa, na saruji huhitaji wiki kadhaa, hasa kama ni rangi ya mafuta, kwa sababu ukali wa saruji mbichi huiharibu. Bandika kipande cha nailoni juu ya kiraka usiku, ukifunga kingo zote kwa tepu. Asubuhi ukikuta jasho ndani, subiri.

Kikishakauka, piga msasa namba 120 kisha 180, futa vumbi, paka praima (rangi ya msingi) inayostahimili saruji, au kama ni jasi, mkono wa kwanza wa rangi ya maji iliyozimuliwa. Kisha apake ukuta mzima kutoka kona hadi kona. Akigusia kiraka peke yake, hata kwa rangi ya ndoo ileile, kitaonekana.