Usiiambie programu "bila tanga": nilivyojifunza kutumia prompti hasi

Picha niliyoitaka ilikuwa ya kawaida tu: mtoto ameketi peke yake ndani ya mashua, jua linazama, maji yametulia. Tanga sikulitaka, maana lingeziba anga. Nikaandika kwenye prompti, yaani maelezo unayoipa programu ya akili mnemba ili ikutengenezee picha, "mashua isiyo na tanga". Ikaja mashua yenye tanga. Nikakazia, "bila tanga kabisa". Yakaja matanga mawili.

Nilihangaika jioni nzima kabla sijaelewa kinachotokea. Programu hizi za akili mnemba zimefundishwa kwa picha pamoja na maelezo yake, na anayeandika maelezo ya picha hutaja kilichomo. Ni nadra kutaja kisichokuwemo. Kwa hiyo ikikutana na "bila tanga", inachokamata ni tanga. Hilo "bila" huwa halina uzito mkubwa. (Prompti zenyewe niliziandika kwa Kiingereza, kwa kuwa Stable Diffusion niliyoitumia imefundishwa zaidi kwa maelezo ya lugha hiyo. Hapa nazitaja kwa Kiswahili.)

Kisanduku cha prompti hasi kimewekwa kwa ajili ya shida hii. Humo unaandika jina la kitu chenyewe: "tanga", basi. Usiandike "hakuna tanga" wala "usiweke tanga". Kukataa ni kazi ya kisanduku, wewe taja tu.

Nikalihamishia tanga huko na likatoweka. Lakini mlingoti ulibaki umesimama katikati ya mashua, mtupu, hauna kazi. Nikaongeza "mlingoti". Ukaondoka, na mashua nayo ikabadilika: ikawa nyembamba na ndefu, mtumbwi hasa. Nadhani katika picha ilizojifunzia, mashua pana mara nyingi ilikuja na mlingoti wake. Ukifukuza kitu, huondoka na jamaa zake. Dawa ilikuwa kurudi kwenye prompti ya kawaida na kuandika "mashua pana ya mbao". Tangu siku hiyo, kila ninapokataza kitu najiuliza kwanza nafasi yake itajazwa na nini, na hicho nakitaja upande wa pili.

Inasaidia kujua kinachofanyika ndani. Picha inapotengenezwa hatua kwa hatua kutoka kwenye chengachenga (madoadoa yasiyo na umbo), katika kila hatua modeli, yaani ule mfumo uliofundishwa, hukisia mara mbili: mara moja kwa kufuata ulichoomba, mara nyingine kwa kufuata ulichokataa. Kisha picha husukumwa kutoka kwenye kisio la pili kuelekea la kwanza. Usipoandika chochote, kisio la pili hufuata maandishi matupu. Nguvu ya msukumo huo ni ile namba inayoitwa CFG, ambayo wengi huiacha kwenye 7 hivi. Ukiishusha hadi 1, kisio la pili linajifuta lenyewe, na prompti hasi haina kazi hata uandike ukurasa mzima. Ndiyo maana modeli za haraka kama SDXL Turbo, zinazoendeshwa bila msukumo huo, hazikusikii. Kama umekuwa ukikataza na hakuna kinachobadilika, anza kuangalia hapo kabla hujalaumu maneno yako. Midjourney, programu nyingine ya kutengeneza picha, yenyewe haina kisanduku. Mwishoni mwa prompti unaweka --no halafu unataja usichotaka.

Sasa nije kwenye kosa lililonigharimu zaidi. Kuna orodha ndefu zinazozunguka mtandaoni, "mikono mibaya, sura mbaya, ukungu, ubora hafifu" na mengine hamsini. Nilinakili moja na kuitumia kwa kila picha kwa wiki kadhaa, nikiamini ni kinga. Siku moja nikaifuta yote na kutengeneza picha ileile kwa namba ileile ya mbegu, yaani namba inayoamua chengachenga za kuanzia. Nilishtuka. Uso wa mtoto, uliokuwa laini kama plastiki, ulipata ngozi. Upeo wa bahari ulirudiwa na ule ukungu mwepesi wa mbali ambao ndio uliobeba hali yote ya machweo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeukataza, kwa neno "ukungu" nililolinakili bila kufikiri.

Isitoshe, kisoma maandishi cha Stable Diffusion za mwanzo kinabeba tokeni (maneno au vipande vya maneno) 77 kwa mkupuo, na mbili kati ya hizo ni za kufungulia na kufungia. Programu nyingi hukata maandishi marefu vipandevipande ili yaingie, ila maneno yakirundikana kila moja hupungukiwa nguvu.

Na "vidole sita" usitegemee sana. Fikiria ni nani aliyewahi kuandika maelezo hayo chini ya picha. Modeli haiwezi kukimbia kitu ambacho haijui kinafananaje. "Maandishi" au "fremu" inavijua vizuri, na hivyo hutii. Mkono ulioharibika mimi huufunika kwa brashi na kuagiza sehemu hiyo peke yake ichorwe upya.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: anza na kisanduku kitupu. Tengeneza picha nne, zitazame kwa utulivu, tafuta kasoro inayojirudia. Ikitokea kwenye moja tu, achana nayo, ni bahati mbaya. Ikijirudia, funga namba ya mbegu, ongeza neno moja, linganisha. Ukibadilisha maneno matano kwa pamoja hutajua ni lipi lililokuponya na ni lipi lililokuharibia.

Picha ya mashua niliyobaki nayo ina maneno matatu kwenye prompti hasi: tanga, mlingoti, maandishi. Hilo la tatu liliingia mwishoni kabisa, baada ya kitu kama saini kujitokeza kwenye kona ya chini, kulia, katika picha tatu kati ya nne.