Chini ya mparachichi, panda msale

Wenye boma hapa Kakamega hunilalamikia jambo moja: chini ya mparachichi au mwembe hakustawi kitu. Nyasi hukauka, waridi hurefuka pasipo kutoa ua, na mwishowe anatafutwa mtu wa kuukata mti. Tafadhali usiukate. Ingia Msitu wa Kakamega, upande wa Isecheno au Buyangu, utazame kinachoota chini ya miti mikubwa. Utakutana na msale, ule ambao wauzaji wa miche huuita drasena, una majani marefu kama ya mahindi na ni kijani mwaka mzima. Ni mmea wa kwetu. Wazee walioupanda mipakani mwa mashamba walijua kwamba hauondoki upesi.

Usiende kuung'oa msituni, msitu ule unalindwa. Muombe jirani akukatie shina. Mimi hukata vipande vya urefu wa mkono hadi kiwiko, naviacha kivulini siku moja au mbili ili kidonda kikauke, kisha navichomeka ardhini mvua ya masika ikishashika. Angalia upande wa juu ubaki juu. Kipande kilichogeuzwa hakishiki vizuri, kwa hiyo tia alama unapokata.

Shida kubwa iko kwenye mizizi ya mti. Usichimbe mtaro, wala usikate mizizi minene, maana utaudhuru mti wenyewe. Tafuta nafasi kati ya mizizi, toboa shimo dogo, weka samadi iliyooza vizuri, chomeka, shindilia. Acha kama nusu mita kati ya kipande na kipande. Majani yanayodondoka usiyafagie! Hili nalisisitiza kwa sababu tumezoea uwanja uliofagiwa ukang'aa. Yasukume yafunike udongo, ila yasilundikane shinani. Yanatunza unyevu na yakioza yanarudisha rutuba, na ndivyo msitu unavyojilisha.

Msale hukua polepole, na mwaka wa kwanza unaweza kudhani umegoma. Subiri. Wakati wa kiangazi, Januari na Februari, mwagilia udongo ukikauka, hasa kwa kuwa mti mkubwa unanyonya maji mengi. Pahali panapotuama maji usiupande, shina litaoza. Jua kali la mchana nalo huyababua majani, kwa hiyo ule wenye mistari ya manjano, ambao unahitaji mwanga zaidi kidogo, upande pembeni mwa kivuli, jua la asubuhi linapofika.

Ukirefuka kupita unavyotaka, kata kichwa. Chini ya mkato yatachipuka machipukizi mapya, mara nyingi zaidi ya moja, na kichaka kitajaa. Kile ulichokata ni mche mwingine wa bure. Usikate kila mwaka lakini, kwa sababu mmea ukiachwa ukomae hutoa maua meupe yanayonukia sana usiku. Harufu ile ni nzito. Ukiupanda chini ya dirisha la chumba cha kulala, huenda ikakusumbua. Karibu na baraza inapendeza zaidi.

Mwenye mbwa au paka anayependa kutafuna majani aweke msale ng'ambo ya ua, kwani una sumu inayowatapisha.