Jikoni na Shangazi: Oveni ya kwenye kabati inakata umeme, imegoma kuwaka, inababua mbao

Mwezi huu meseji karibu zote ni za oveni, hizi za kuchomeka ndani ya kabati. Si ajabu, manake siku hizi nyumba ikijengwa jiko linakuja na kabati zake na fundi anaacha tundu la oveni hata kama mwenye nyumba hajui kuoka maandazi. Nimejibu zile zinazogusa wengi. Za mapishi ya keki zisubiri toleo lijalo.

Shikamoo shangazi. Nauza keki, niko Tabata. Nimenunua oveni ya umeme ya kwenye kabati, fundi kaifungia plagi ya kawaida akachomeka kwenye ekstensheni moja na friji. Nikioka kama nusu saa hivi breka inajizima. Fundi anasema dawa ni kuweka breka kubwa zaidi. Nimpe hela aweke?

Marahaba mwanangu, usimpe. Na hiyo ekstensheni ichomoe leo, usisubiri kesho.

Fungua mlango wa oveni uangalie kwenye fremu, pembeni au chini, utaona kibandiko au kibati kidogo kimeandikwa wati. Tuseme imeandikwa 2,900. Gawanya kwa 230, ambayo ndo volti ya umeme wetu, unapata kama ampea 12.6. Plagi ya kawaida ya miguu mitatu mwisho wake ni 13. Yaani hata ukichomeka ukutani bila ekstensheni upo ukingoni, na wewe huchemshi maji ya chai ya dakika tatu, wewe unaoka saa nzima, keki ya kwanza ikitoka inaingia ya pili. Ongeza friji hapo. Chomoa plagi uiangalie vizuri karibu na ile miguu ya shaba, ukiona doa la kahawia au plastiki imelainika na kunusa kama kitu kilichoungua, basi ujue imeshaanza kuyeyuka.

Sasa hiyo breka. Breka haipo kwa ajili ya oveni, ipo kwa ajili ya waya uliofukiwa ukutani. Waya ukibeba umeme kuliko uwezo wake unapata moto, breka inaona, inakata. Ukiweka breka kubwa juu ya waya ule ule mwembamba, breka itanyamaza kweli, fundi ataonekana kafanya kazi, ila waya utaendelea kuchemka ndani ya ukuta na ndani ya kabati la mbao na hakuna wa kukuambia. Kinachotakiwa ni laini ya peke yake kutoka kwenye meini swichi mpaka kwenye oveni, isiyochangia na soketi nyingine. Kwa oveni moja ya wati kama hizo mafundi wengi wanavuta waya wa 2.5 (unene kwa milimita za mraba) na breka ya ampea 20. Kama una na jiko la plate la umeme juu yake unataka zote ziende laini moja, hapo ni waya wa 6 na breka ya 32, asikudanganye mtu. Ethi, ule waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, iwepo na iwe inafanya kazi, maana oveni ni boksi la bati na wewe unaishika na mikono yenye maji. Halafu swichi ya kuizimia iwekwe pembeni unapoifikia, isiwe nyuma ya oveni ambako siku ya hatari itabidi uivute yote itoke ndo uizime.

Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mwambie akuonyeshe, haoni aibu mwenye nayo. Mteja wako wa keki ya harusi atasubiri siku mbili.

Mimi niko Nyali, Mombasa. Stima ilipotea usiku, asubuhi oveni imekataa kabisa. Taa ya ndani inawaka, saa inaonyesha 0:00 inawaka ikizima, lakini joto hakuna. Fundi anataka pesa ya kuja kuangalia tu. Imeungua?

Baba, kabla hujamlipa mtu, seti saa.

Sikutanii. Oveni nyingi za kwenye kabati zenye saa ya dijitali, umeme ukikatika saa inapoteza muda, na oveni haikubali kupasha mpaka uiambie ni saa ngapi, kwa sababu ile saa ndo inayoongoza taima ya kuwasha na kuzima. Kwenye nyingi unabonyeza vitufe viwili vya katikati pamoja, unashikilia kidogo, halafu unapanga muda kwa alama ya kujumlisha na kutoa. Nyingine zina kitufe chenye alama ya mkono, kibonyeze mpaka ile alama itokee kwenye skrini. Ikishatulia haiwaki ikizima tena, geuza nobu, utasikia feni. Kama bado, hapo mwite fundi.

Na stima ikipotea tena wakati unaoka, zima swichi ya ukutani, ikirudi ngoja dakika kadhaa itulie ndo uwashe. Umeme unaporudi huwa unakuja na kishindo, na kinachoungua mara nyingi ni ile bodi ndogo ya saa, ambayo bei yake itakufanya utamani mkaa.

Shangazi, naweka foili chini kabisa ya oveni ili mafuta yasidondokee. Mama mkwe anasema naharibu. Nani yuko sahihi?

Mama mkwe. Chini ya bati la sakafu ya oveni kuna elementi, kile chuma kinachotoa joto, ukiziba kwa foili joto linarudi chini, bati linapata moto kupita kiasi, rangi yake ngumu inapasuka au foili inagandia haitoki tena, na keki yako inaiva juu chini mbichi. Weka trei tupu kwenye rafu ya chini idake mafuta. Foili funikia kuku.

Assalaam alaykum. Sisi Unguja oveni tunaitumia zaidi Ramadhani na karibu na sikukuu, mkate wa kumimina na vileja. Mwaka huu nikiwasha moto wa juu sawa, nikiwasha wa chini tu umeme wa nyumba nzima unakatika. Ilikuwa nzima kabisa mwaka jana.

Waalaykum salaam. Hili ni la watu wa pwani hasa, nimelipenda swali lako.

Ile elementi ni bomba la chuma, katikati kuna waya unaopata moto, na kati ya waya na bomba kumeshindiliwa unga mweupe unaozuia umeme usifike kwenye chuma. Ule unga unavuta unyevu. Oveni ikikaa miezi bila kuwashwa kwenye hewa ya bahari kama ya kwenu, unyevu unaingia polepole kwenye ncha za bomba, siku ukiwasha umeme kidogo unavuja kwenda kwenye bati, na ile breka kubwa inayolinda watu wasipigwe shoti inakata nyumba nzima. Kwa hiyo imefanya kazi yake, usikubali mtu airuke.

Kwa kuwa moto wa juu unafanya kazi, washa huo tu, joto la wastani, nusu saa mpaka saa, oveni tupu, umekaa hapo hapo jikoni. Joto lile linakausha na elementi ya chini. Zima, iache ipoe, jaribu wa chini. Mara nyingi inakubali. Ikikata tena usilazimishe, fundi aje na mega, kile kipimo cha umeme unaovuja, apime ile elementi, na kama imevuja kweli inabadilishwa yenyewe peke yake, hununui oveni mpya. Baada ya hapo iwashe walau mara moja kila wiki chache hata kama huoki kitu, dakika ishirini zinatosha.

Hivi oveni inakula uniti ngapi? Mume wangu kila nikiwasha anaenda kuangalia LUKU. (Kimara)

Mwambie akae. Oveni ya wati 2,500 haivuti 2,500 muda wote, ikifika joto thamostati inakata, ikipoa inarudisha. Kuoka saa moja kwenye 180 inakula kama uniti moja mpaka moja na nusu. Kwa tarifu ya kawaida ambapo uniti moja ni kama shilingi 356 pamoja na kodi, hapo ni kama 350 mpaka 550. Hasara iko kwingine: kama mko kwenye ile tarifu ndogo ya bei nafuu, ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, kuoka kila siku kunaweza kuwatoa humo, na hapo ana haki ya kununa kidogo. Ukioka, oka viwili kwa pamoja. Na acha kufungua mlango kila dakika kuchungulia.

Oveni yetu ni ya gesi, tupo Njombe. Nikiwasha moto unashika, nikiachia nobu unazima. Halafu swali la pili, huku baridi ya Juni na Julai si mchezo, tunawasha oveni tunaacha mlango wazi nyumba ipate joto. Kuna ubaya?

La kwanza ni dogo. Ukishawasha, endelea kukandamiza nobu kama sekunde kumi. Kuna kijiti kidogo cha chuma kinachokaa ndani ya moto, kikipata joto ndo kinaruhusu gesi iendelee, kikipoa kinafunga ili gesi isivuje moto ukizimika wenyewe. Kama unashikilia muda wote huo na bado inazima, kijiti kimechafuka au kimekaa mbali na moto, fundi anakisafisha au anakibadilisha. Kuna mafundi wanakiruka ili gesi ipite daima. Huyo asiingie kwako tena.

La pili, acheni, usiku huu huu. Oveni ya gesi ikiwaka muda mrefu kwenye nyumba iliyofungwa madirisha inakula hewa na kutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, ile ile ya jiko la mkaa chumbani, haina harufu, haina rangi, mtu anasikia kichwa kinauma, anasinzia, basi. Blanketi. Sweta. Chochote ila hiyo.

Na angalieni rangi ya moto. Bluu ni sawa. Ukiwa wa njano na kuacha masizi kwenye trei, uliza kama nozeli ni za gesi ya mtungi, kuna oveni zinakuja zimewekewa nozeli za gesi ya bomba na fundi anaunganisha hivyo hivyo. Mkisikia harufu ya gesi fungeni mtungi, fungueni milango, msiguse swichi ya taa hata kuzima. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inalala chini sakafuni, kwa hiyo fungueni mlango, dirisha la juu peke yake halitoshi.

Shangazi, kabati la juu ya oveni limeanza kubabuka na mbao imevimba. Na nikizima oveni feni inaendelea kulia, nazima swichi ya ukutani kwa hasira. (Kigamboni)

Umejijibu bila kujua. Hiyo feni inapoza mwili wa oveni na lile kabati, inazima yenyewe joto likishuka. Ukikata ukutani joto lote linabaki ndani linaila mbao. Iache imalize. Ila pia mwambie seremala avute oveni aangalie nyuma: kwenye kitabu cha oveni kuna mchoro unaoonyesha nafasi ya hewa nyuma na chini, na maseremala wetu wanapenda kuziba kila upenyo ili kazi ionekane safi. Mgongo wa kabati ukatwe hewa ipite. Na zile chupa za mafuta na manailoni kwenye droo ya chini toa.

Niko Muscat, oveni ina kitufe cha kujisafisha yenyewe. Nikitumie? Nina kasuku, na mwaka jana kioo cha mlango kilipasuka nikiwa nafuta.

Kwa kasuku, mtoe nyumbani kabisa siku hiyo, kwa jirani, si chumba cha pili. Ule usafi unapandisha oveni mpaka karibu nyuzi 500, uchafu unakuwa majivu, moshi wake mapafu ya ndege hayauwezi. Kabla ya hapo toa rafu, trei, sufuria za kutogandia, futa mafuta yaliyotuama, fungua madirisha. Mlango utajifunga wenyewe, usiulazimishe.

Kioo nadhani ulikifuta kikiwa cha moto kwa kitambaa cha maji baridi, au uliwahi kukikwaruza na stilwaya. Mkwaruzo mdogo unakaa pale, siku joto likibadilika ghafla kinamwagika chote vipande vidogo vidogo. Ngoja kipoe, paka baking soda iliyokorogwa na maji kidogo, iache usiku, futa na sponji laini. Usitumie magadi, ni makali mno.

Kuku aliwaka moto ndani ya oveni, nikafungua nikamwagia maji. Nimepona Mungu tu. Ningefanyaje? (Sinza)

Usifungue. Ukifungua unaupa moto hewa, na maji juu ya mafuta ya moto yanaruka na kubeba moto mpaka usoni. Zima oveni, zima swichi yake ya ukutani, acha mlango umefungwa, simama mbali. Mara nyingi unakufa wenyewe kwa kukosa hewa. Ukiona unatoka nje ya mlango au kabati limeshika, toa watu wote, piga 114 ya zimamoto. Kama umeungua mkono ni maji ya bomba yanayotiririka, dakika ishirini kamili, vua pete mapema kabla vidole havijavimba, na dawa ya meno ibaki ya meno.